Picha la Kichina Lisilo na Mateke

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani Kanazi kwa likizo, chaja ya simu ikaharibika, nikapanda bodaboda kwenda Ngara mjini kununua nyingine. Kijana wa bodaboda alinishusha kwenye duka moja jirani na stendi, pale wanapouza chaja na kuingiza filamu kwenye flashi. Nikaingia, nikainua macho juu, nikaiona boriti. Ni mkaratusi uliopinda kidogo katikati, na una misumari mitatu isiyoshika chochote. Dada wa dukani akaniuliza nataka chaja ya aina gani. Macho yangu yalibaki juu, maana ile misumari nilikuwa naijua. Zamani ilishika blanketi jeusi la kuzuia mwanga, na nyuma ya blanketi hilo, rafiki yangu, ndiko nilikomwona bibi yangu akilia, siku moja tu katika maisha yangu yote pamoja naye.

Ngoja nikupeleke huko. Miaka ya tisini, mimi nikiwa shule ya msingi, chumba hicho kilikuwa banda la video. Wenyewe tuliliita banda umiza, kwa sababu ya mabenchi yake ya mbao yasiyokuwa na huruma na mtu. Ndani mlikuwa na televisheni moja, deki moja, na nyuma ya nyumba jenereta iliyonguruma hadi sokoni. Mwenye video alikuwa Mwislamu wa pale mjini, ambaye wazee wake walikuja na biashara kutoka pwani zamani sana, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu masikioni mwetu sisi tuliofundishwa lugha hiyo kwa fimbo ya mwalimu. Yeye ndiye aliyekuwa pia mtafsiri. Alisimama ubavuni mwa televisheni, kofia ya kufuma kichwani, kijiti mkononi, akitueleza kila kinachosemwa. Kihindi alitafsiri, Kiingereza alitafsiri, Kichina alitafsiri. Sikumbuki mtu yeyote aliyewahi kumuuliza lugha zote hizo alizisomea wapi.

Mkewe alikaanga maandazi mlangoni, na harufu ya hiliki ilikuwa inatoka kule hadi kwenye mafungu yetu ya maharage sokoni. Nilikuwa nikikaa pale kwenye gunia, pua yangu iko kwenye maandazi na masikio yangu yako kwenye banda, nikisikia wanaume wakipiga kelele, "Stelingi hafi! Stelingi hafi!" Stelingi, kama hukukulia kwetu, ndiye mtu mkuu wa picha, yule anayepigwa mwanzo na kuwapiga wote mwisho. Picha za Kichina kwetu zilikuwa na maana moja tu, mateke. Mimi sikuwa nimeona hata teke moja kwa macho yangu, kwa sababu bibi hakuruhusu. Padri alikuwa amesema kanisani kwamba kule ni kupoteza wakati, na likishasemwa na padri, kwa bibi lilikuwa limekwisha.

Bibi yangu alikuwa mtu wa kutii. Wapo watu wanaotii wakionwa, yeye alitii hata peke yake shambani. Balozi wa nyumba kumi akitangaza kwamba kesho ni siku ya kufagia barabara, bibi alifika na fagio kabla ya balozi mwenyewe kuamka. Tulikuwa tukimcheka kwa siri. Siku hizi sicheki.

Alituamsha kabla ya jogoo, na kabla hujapata fahamu vizuri tayari una dumu kichwani unateremka bondeni kuchota maji, umande unakulowesha hadi magotini. Ukirudi, ndizi zinakungoja kumenya. Mikono inakuwa myeusi kwa utomvu, na utaenda nayo shuleni hivyo hivyo, mwalimu akuite mchafu mbele ya darasa. Lakini chungu kikishaiva! Ndizi na maharage mapya, na bibi ametupia dagaa wachache tunaowaita ndagala, waliotoka Kabanga, na moshi umeingia kwenye chakula mpaka huwezi kuvitenganisha. Nimekula kwenye hoteli zenye vitambaa mezani, sijaipata ladha ile.

Kulikuwa na jambo moja alilofanya kila msimu. Maharage ya kwanza yakiiva, kabla ya mtu yeyote kuonja, bibi alichota kijiko kimoja, akakiweka kwenye kipande cha jani la mgomba, akaenda kukitua nyuma ya jiko, upande unaotazama kilima cha ng'ambo. Akasimama kidogo, akarudi, tukala. Sisi watoto tuliamini ni chakula cha kuku, na jogoo naye aliamini hivyo hivyo.

Kilima kile cha ng'ambo tulikiona kila siku. Tulijua kwamba bibi na babu waliishi huko zamani, na kwamba walihamishwa wakati wa vijiji, watu wote walipotakiwa kukaa pamoja kando ya barabara. Mama yangu alikuwa mtoto siku hiyo, anakumbuka alipewa kuku wa kubeba kwapani. Miaka ilipita, babu akafa, majirani wengi wakaanza kurudi kimyakimya kulima mahame yao, wengine hata kujenga. Bibi hakurudi hata kutazama. Mama alimuuliza mara moja mbele yangu kwa nini, na bibi, huku anachambua mchicha, akajibu, "Tuliambiwa hakuna kurudi." Ungemwambia nini mtu kama huyo?

Basi siku ile ya soko mvua ilitukuta. Unaijua mvua ya kwetu, haibishi hodi. Tulifunika maharage kwa turubai na kukimbilia baraza ya karibu, nayo ikawa ya banda la video. Bibi aligeuza mgongo kwa mlango ili Mungu asimwelewe vibaya. Lakini maji yalikuwa yanatupiga miguuni, na yule mama wa maandazi alikuwa amekwisha kumwona.

"Shikamoo bibi. Ingia ndani, utaugua."

"Marahaba. Hapana mwanangu, hapa panatosha."

"Ingia bibi, leo hakuna hata teke moja. Wanaume wameanza kununa."

Ilikuwa kweli. Wachina waliokuwa wakitengeneza barabara walikuwa wamemaliza kazi yao, na wakati wa kuondoka walimwachia mwenye video katoni ya mikanda kama zawadi. Siku hiyo alikuwa ameweka mmoja, bila jina analoweza kulisoma, wenye picha ya mwanamke juu ya kasha. Tulipoingia na kukaa benchi la nyuma, mtu mmoja wa mbele alikuwa analalamika, "Mateke yako wapi, bwana? Nusu saa sasa mtu anasaga tu!"

Na kweli, kwenye kioo mwanamke alikuwa anasaga. Alikuwa na jiwe kubwa uani kwake, analizungusha kwa mti, na uji mweupe unatiririka pembeni. Mtoto alikuwa amekaa karibu yake anachezea mapovu. Mtafsiri akatwambia, "Huyu mama ndiye stelingi. Hapa anasaga ulezi."

"Si urezi," bibi akasema kwa sauti. "Ni maharage hayo. Angaria mapovu."

Watu wakageuka. Bibi alikuwa anachanganya l na r kama wengi wetu, na mimi niliona aibu nikataka benchi linimeze. Mtafsiri akaiangalia televisheni, akamwangalia bibi, akainamisha kichwa kwa adabu. "Ni maharage," akasahihisha. Kuanzia hapo, kila baada ya maneno machache, alikuwa anatupa jicho kwenye benchi la nyuma.

Sikiliza sasa jinsi picha lenyewe lilivyokwenda, au jinsi tulivyoelezwa. Watu walikuja na bendera na ngoma. Kukawa na furaha kijijini, watu wakacheza, na mtafsiri akasema mwenyekiti wa kijiji anahutubia. Halafu ikaja amri ya kula pamoja, jiko moja, na sufuria za kila nyumba zikakusanywa na kuyeyushwa. Wanaume wa mbele wakacheka. Halafu mume wa yule mama akachukuliwa kwenye lori kwa sababu ya jambo alilosema, na kicheko kikapungua. Mtoto akaugua, akafa, akazikwa kwenye kona ya ua, karibu na lile jiwe. Halafu ikaja amri nyingine, kwamba nyumba zile zote zivunjwe na watu wahamie kwenye mabanda marefu, mbali na pale. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba mtafsiri alilazimika kupaza sauti. "Wanamwambia mama, chukua unachoweza kubeba. Kesho hakuna mtu hapa."

Mle ndani hakuna tena aliyeuliza habari za mateke. Watu wazima wote waliokaa kwenye mabenchi yale walikuwa wamewahi kuambiwa kitu cha namna hiyo, na baadhi yao walikuwa wamekimbia vita ng'ambo ya mpaka wakiwa na godoro tu. Kwenye kioo yule mama alilisukuma jiwe. Halikwenda. Akafunga blanketi na bakuli mbili, akaondoka, na kamera ikabaki inatazama jiwe peke yake uani.

"Ameriacha," bibi akasema. Hakuwa anamwambia mtu. "Na mtoto amemwacha. Na mimi niriacha." Nikamtazama. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta, mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika rozari mapajani. Nilipata hofu ambayo siwezi kukueleza. Mtoto anapomwona mtu wake mgumu kuliko wote analia, anajiuliza nani sasa atawasha moto kesho.

Kisha, mbele ya watu wote, akauliza, "Bwana, huyu mama atarudi rini?"

"Vuta subira bibi," mtafsiri akasema. "Picha halijaisha."

Yule mama akazeeka. Nywele zikawa nyeupe. Mwishoni tukamwona anatembea peke yake katika barabara ya vumbi, anafika kwenye lango, analisukuma, linafunguka. Jiwe lilikuwa pale pale. Akaliwekea kiganja. Kioo kikawa cheusi, na zikatokea herufi nyeupe za Kichina, mistari minne au mitano, zimepangwa vizuri.

Mtafsiri akazitazama, akatupa jicho kwenye benchi la nyuma. Jenereta inanguruma, mvua inapiga. Halafu akanyoosha kijiti chake kwenye mstari wa kwanza na kusoma polepole, neno kwa neno, akikiteremsha kijiti hadi mstari wa mwisho. "Yameandikwa hapa hivi. Ile amri imekwisha. Imekwisha zamani. Kila aliyehamishwa na aende akapatazame kwao, hakuna atakayemuuliza."

Bibi akasimama. "Imekwisha kweri?"

"Imekwisha bibi," akasema, na alikuwa amemtazama yeye, si televisheni. "Basi tu hawakukuletea habari."

Tulirudi na lori la wafanyabiashara, bibi ameshika rozari njia nzima. Jumapili, baada ya misa, hakuvua nguo zake za kanisani. Alifunga maharage yaliyopikwa kwenye jani la mgomba, akachukua jembe, akaniambia nimfuate. Mama alisimama mlangoni na mdogo wangu mgongoni, akatutazama tukishuka bondeni.

Siku ile ndipo nilipojua kwamba kilima kile kilikuwa karibu. Nilikuwa nimekidhania ni nchi nyingine. Tulivuka kijito, tukapanda, na jua halijafika utosini tulikuwa tumefika kwenye mahame. Migomba ilikuwa imegeuka msitu mwembamba, bila mtu wa kuipunguza. Bibi alitembea bila kusitasita, hapa palikuwa na mlango, hapa jiko, hapa alifungwa mbuzi. Akafyeka kwa jembe chini ya kichaka cha mashona nguo, na jembe likalia juu ya kitu. Jiwe lake la kusagia. Lilikuwa na shimo laini katikati, shimo la mikono yake mwenyewe, limejaa majani na maji ya mvua ya jana. Alilisafisha kwa ncha ya kitenge cha kanisani.

Hatua chache kutoka hapo, palipokuwa na mti mmoja ule wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka, akapiga magoti. Akang'oa magugu kwa vidole. Ndipo akaniambia kwamba mama yangu hakuwa mtoto wake wa kwanza. Wa kwanza alikuwa msichana, alichukuliwa na surua akiwa na miaka mitatu, na yuko hapa. Siku ya kuhama alitaka kuja kumuaga lakini watu walikuwa wanaharakishwa. Kila msimu amekuwa akimtumia maharage ya kwanza kutoka mbali, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuja.

Nikamkumbuka yule jogoo, na uso ukanichoma kwa haya.

"Msalimie mama yako mkubwa," bibi akasema.

Nilikuwa na miaka tisa, na mama yangu mkubwa alikuwa na mitatu. Nikapiga goti moja kama nilivyofundishwa. "Shikamoo, mama mkubwa."

Upepo ukapita kwenye migomba. Bibi akaitikia kwa niaba yake. "Marahaba."

Kuanzia msimu ule alikwenda mwenyewe na maharage yake. Baadaye alijenga kibanda kidogo, akapunguza migomba, na miaka yake ya mwisho alikuwa analala huko zaidi kuliko kwetu. Alipofariki tulimzika pale pembeni ya mwanawe, na lile jiwe tuliliweka kichwani pake.

Sasa nirudi dukani. Yule dada wa chaja, nilipomtazama vizuri, alikuwa na pua ya mwenye video. Ni binti yake, tuko rika moja, bila shaka tulipishana mlangoni pale siku fulani, yeye na andazi mkononi na mimi na hamu yake. Nikamweleza lile picha la jiwe. Akapiga makofi. "La bibi wa maharage! Baba alilisimulia mpaka anakufa." Akaanza kulitafuta kwenye simu yake, kwa maneno haya na yale, na baada ya nusu saa na wateja watano, tukalipata. Lilikuwa na maandishi ya Kiingereza chini.

Tukaliangalia tumesimama kaunta, chini ya ile boriti. Mengi mwenye video aliyapata, kwa kuwa njaa na kufiwa havihitaji sana mkalimani. Nilianza kutabasamu. Kisha yule mama akafungua lango, akaliwekea jiwe kiganja, kioo kikawa cheusi, zikaja zile herufi, na safari hii niliweza kusoma maana yake. Zilisema kwamba hakurudi kamwe. Alifia kwenye mabanda. Ua wake ulivunjwa mwaka ule ule alioondoka, na huko kurejea tulikokuona kulikuwa ndoto yake usiku wa kufa.

Nilimtafsiria binti wa mwenye video, akailaza simu kaunta. "Baba hakujua hata herufi moja ya Kichina," akasema. "Siku ile alirudi nyumbani akakataa chakula. Akamwambia mama, leo nimemdanganya bibi wa watu, sijui kama Mungu atanihesabia dhambi."

Nikalia pale dukani, mtu mzima mimi, kijana wa bodaboda ananisubiri nje. Nililia kwa sababu hakuna wa kumrudishia jibu. Laiti ningemfikishia habari yule mzee, kwamba bibi hakufia kwenye mabanda. Ningemwambia yuko kwake, na mwanawe yuko kushoto kwake. Namkumbuka na kofia yake na kijiti chake, na lile banda lote, jasho, hiliki, mabenchi, watu wasiojuana wakipumua pamoja. Leo filamu yoyote ninayoitaka iko kiganjani, naitazama peke yangu na vidude masikioni, na maandishi chini hayakosei. Hakuna anayegeuka kuangalia benchi la nyuma kuona nani amekaa pale. Hicho ndicho ninachokitamani, na najua hakirudi.

Niliondoka na chaja na lile picha kwenye simu. Kesho yake mchana mama alikuwa nyuma ya jiko na maharage mapya motoni. Amezeeka sasa, magoti yanamsumbua, lakini kila msimu bado anavuka kijito. Habari za siku ile ya mvua amezisikia maisha yake yote bila kuliona picha lenyewe. Nikaweka kigoda karibu naye, nikaiegemeza simu kwenye dumu, tukatazama hadi mwisho. Mama hajui Kiingereza. Zilipokuja herufi nyeupe akasogeza uso karibu.

"Hapo wameandika nini?"

Nilikitazama kilima. Halafu nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, nikakiteremsha polepole, neno kwa neno.

"Wameandika kwamba ile amri imekwisha, mama. Imekwisha zamani. Kila aliyehamishwa na aende akapatazame kwao."

Mama akatikisa kichwa kukubali. "Ndivyo alivyotuambia bibi yako," akasema, akachota kijiko cha kwanza cha maharage, akanipa nishike jani.